Kwa nini pande mbili na pembe isiyo katikati yake hazithibitishi pembetatu zinalingana

We fungua tu GeoGebra (programu ya kuchora maumbo ya jiometri) uone kwa macho, maneno matupu hayasaidii hapa. Chora AB iwe 8, pale A toa mstari wa nyuzi 30, halafu weka duara lenye kitovu B na nusukipenyo 5, utaona linaukata ule mstari mara mbili, na kila linapokata ndipo C!! Yaani una C mbili, pembetatu mbili tofauti kabisa na vipimo vyote ulivyopewa (AB 8, BC 5, pembe ya A nyuzi 30) ni vilevile. Sasa weka nusukipenyo kwenye slaida (kile kitelezi cha kubadilisha namba) ushushe taratibu, zile C zinasogeleana mpaka kwenye 4 zinakuwa moja na pembe ya C inakuwa nyuzi 90, ukishuka chini ya hapo duara halifiki kabisa kwenye mstari.