Uvimbe Ukinywea, Msipande Basi la Kurudi Nyumbani

Burkitt ni saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, na ikikutana na dawa hunywea kwa kasi hiyohiyo. Mtoto wa kaka yangu alifika Dar es Salaam taya limevimba mpaka jicho moja limefunikwa. Alipopata dozi ya kwanza uvimbe ukaanza kushuka, na kabla ya dozi ya pili sura yake ilikuwa imerudi, anacheka, anadai wali. Nilimtumia kaka picha huko Lindi. Jibu lake lilikuwa neno moja: mrudishe.

Nayaandika haya kwa ajili ya kila shangazi, mama, baba au bibi anayemuuguza mtoto wodini na atakayeambiwa neno hilo. Kaa. Nimeona watoto wakirudishwa kijijini wakiwa na nyuso safi, kisha wakaletwa tena ugonjwa umeshasambaa, na safari hii dawa zilezile hazikufua dafu.

Anayesema mrudishe hana roho mbaya. Korosho zimeanza kudondoka, mama mtu ananyonyesha kichanga, hela ya akiba imekatika, na mtoto kwenye picha anaonekana mzima. Kubishana naye kwa simu usiku hakusaidii. Kilichomwingia kaka akilini ni mfano wa kifua kikuu. Tuna jirani aliyemeza vidonge miezi sita mizima, ingawa kikohozi kilimwacha mapema sana. Saratani nayo hubaki mwilini hata pale mkono ukipapasa usiguse kitu. Halafu usibebe mzigo huo peke yako: mwombe daktari au nesi aongee na mwenye mji, simu ikiwa kwenye spika. Kaka alimsikiliza daktari kwa utulivu ambao mimi dada yake sijawahi kuupata.

Jambo jingine, omba uandikiwe ratiba nzima tangu mwanzo. Dozi ngapi, zinapishana kwa muda gani, lini damu itapimwa, lini maji ya uti wa mgongo yatachukuliwa na dawa kuwekwa hukohuko mgongoni. Nunua daftari uandike kila kitu. Familia ikijua mwisho wa safari uko wapi, hata kukopa inakopa kwa mpango. Ujue pia kwamba saratani hazifanani. Burkitt hutibiwa kwa miezi, lakini mtoto mwenye saratani ya damu anaweza kutumia dawa miaka miwili au mitatu, kwa hiyo usijipimie kwa jirani wa kitanda cha pili.

Sasa, mtu wa Lindi anakaaje Dar miezi yote hiyo? Hapo ndipo ninapowashukuru Tumaini la Maisha. Ni shirika linalofanya kazi bega kwa bega na Hospitali ya Taifa Muhimbili, na mwanzilishi wake ni daktari wa watoto kutoka Ireland, Trish Scanlan. Linasaidia mtoto apate dawa za saratani bila familia kulipishwa. Lina hosteli, Ujasiri House, ambako mtoto na anayemuuguza wanalala kati ya dozi na dozi badala ya kurudi mkoani. Kuna walimu pia. Mtoto wetu alijifunza silabi dripu ikiwa mkononi, na siku alizokataa chakula hakukataa daftari. Watu wakisikia msaada kwa mgonjwa hufikiria dawa tu. Mimi nasema godoro, sahani ya ugali na nauli ni sehemu ya dawa, maana dozi iliyopo hospitalini haimtibu mtoto aliyeko Nachingwea.

Kwa hiyo ukifika, jitokeze mapema. Usisubiri mpaka hela iishe kabisa ndipo useme. Mtafute afisa ustawi wa jamii wa hospitali siku za mwanzo, mweleze unatoka wapi, nyumbani umeacha nani, una ndugu mjini au huna. Kuna akina mama wanaona haya, wanalala na njaa huku msaada uko mlango wa pili. Kwa walio Kanda ya Ziwa na Kaskazini, watoto wenye saratani hutibiwa pia katika hospitali za Bugando, Mwanza, na KCMC, Moshi. Ulizeni huko kabla ya kufunga safari ya Dar.

Maneno ya uchawi yatakuja tu. Kwetu yalikuja. Mimi niliwajibu kwamba ugonjwa huu una jina la daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, aliyeuelezea mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona hospitali ya Mulago, Kampala. Unaonekana zaidi penye malaria nyingi, na kirusi kinachoitwa Epstein-Barr kina mkono wake humo. Pwani yetu ni nchi ya malaria. Hakuna aliyemroga mtoto.

Ila tuwahi. Mtoto wetu alianza kwa meno kulegea, na kituo cha kwanza wakamng'oa jino. Taya linalovimba na meno kulegea bila sababu, tumbo linalojaa upande mmoja, mng'ao mweupe kwenye mboni ya jicho, homa isiyokoma pamoja na weupe wa viganja na michubuko bila kuanguka, hizi zinaweza kuwa dalili za saratani mbalimbali za watoto: ukiona mojawapo, omba rufaa, na usione aibu kuomba mara ya pili.

Na homa, jamani. Dawa hizi hushusha chembe nyeupe za damu, mtoto anabaki bila kinga. Akichemka mwili, hata saa nane usiku, mpeleke hospitali saa hiyohiyo. Usimpe panadol kwanza uone kama itashuka. Maji ya kunywa yachemshwe, matunda yamenywe, kachumbari aisahau kwa muda, na wageni wenye mafua wasalimie kwa mbali. Vidonda vya mdomoni vikija, uji wa vuguvugu hupita, na manesi wana dawa ya kusukutua. Waambie, usingoje raundi.

Wanaouliza wasaidieje, hasa ndugu mlioko Dar: njooni mtoe damu. Watoto hawa huongezewa damu mara kwa mara, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hazikai siku nyingi benki ya damu. Mwenye nafasi na atoe fedha kwa shirika, wao wanajua upungufu wa wiki hii ni sabuni au ni nauli. Shirika la Afya Duniani lilijiwekea lengo mwaka 2018 kwamba ifikapo 2030 angalau watoto 60 kwa kila 100 wenye saratani duniani wawe wanapona. Nchi tajiri zimeshavuka 80. Watoto wetu wana miili ileile kama wale. Wanachohitaji ni kufikishwa mapema na kubakizwa mpaka dozi ya mwisho.

Dozi ya mwisho ikipita bado kuna kliniki. Burkitt ikirudi hurudi mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza, na huo ndio wakati ndugu wanaacha kuchanga kwa sababu mtoto ameshapona, nywele zimeota, anacheza mpira. Kwenye kikoba chetu tumeitenga nauli ya kliniki kama tunavyotenga ada, kila mwezi, kwenda Dar na kurudi Lindi, watu wawili. Atakayemuuguza mtoto mwaka huu aanze kuwaomba ndugu zake hilo tangu leo.