Skwati na chuma kizito: jifunze kwanza kukitua

Skwati ni kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na chuma mgongoni. Kabla hujauliza uongeze kilo ngapi, jiulize chuma utakituaje siku kitakapokugomea ukiwa umechuchumaa nacho. Wageni wengi wa jimu hufundishwa kushuka na kupanda, basi. Kutua hawaonyeshwi.

Tuanze na chuma chenyewe, maana kwenye jimu za uani hapa Mwanza, iwe Mabatini, Igoma au Kitangiri, si lazima kiwe cha kiwandani. Chuma cha mashindano cha wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2. Sahani zake kubwa, yaani vyuma vya mviringo vya kuongeza uzito, zina kipenyo cha sm 45, kwa hiyo kikidondoka, kati yake na sakafu hubaki sm 21 hivi. Sasa chukua kile cha kienyeji: nondo yenye makopo mawili ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege. Kopo lile lina upana wa sm 17 au 18, kwa hiyo kikidondoka hubaki sm 7 au 8 tu. Shingo ya mtu mzima haipiti hapo. Chuma cha makopo usikifanyie skwati nzito bila stendi yenye vyuma vya kukinga, vya kukipokea kikikushinda, au wasaidizi wawili.

Uzito wake nao usiukisie. Lita moja ya zege ina kilo 2.3 hadi 2.4, hivyo kopo moja ni kilo 9 na nusu hivi. Nondo ya mm 25 ina kilo 3.85 kwa mita. Ya mita 2 ni kilo 7.7. Ukijumlisha unapata kilo 26 au 27. Shida ni kwamba aliyejaza makopo hakutumia mizani, na moja linaweza kuzidi lenzake kwa kilo nzima. Kama yamekwisha kuganda, pima katikati ya nondo kwa futi, utie alama, kisha uilaze alama hiyo juu ya kipande cha bomba. Upande unaolala ndio mzito. Ule mwepesi ufungie chupa ya mchanga mkavu kwa mpira wa tyubu, uikaze isining'inie. Chupa ya lita 1 hufika kilo 1.5 hivi. Nondo iliyokwisha kupinda usiitumie tena, itajiviringisha mgongoni.

Angalia na sakafu. Mji wetu ni wa milima na mawe, na nyua nyingi zina mteremko ambao jicho limeshauzoea. Laza chupa ya maji pale unaposimama: ikibingirika, hama. Ndala vua. Raba za kukimbilia zenye soli laini nazo vua, kwa sababu zikibonyea kisigino kinayumba. Peku ni sawa, au kiatu bapa chenye soli ngumu.

Vishikio vya stendi viwe usawa wa katikati ya kifua. Vikiwa juu zaidi utakipokea chuma ukiwa umesimama kwa vidole vya miguu, na kukirudisha utakapokuwa umechoka ndiyo balaa. Wachukuzi wa soko la Mwaloni wanalijua hili: gunia hupandishwa mgongoni na wenzao, mbebaji hajinyooshi kulifuata juu.

Ingia chini ya chuma, mikono iwe imekishika kwa umbali sawa kutoka katikati. Vuta mabega nyuma mpaka nyama ya juu ya mgongo ivimbe kama mto. Chuma kinakaa juu ya mto huo, chini ya ule mfupa unaochomoza nyuma ya shingo. Kikikaa juu ya mfupa kitakuuma, na watu hukimbilia kuzungushia taulo badala ya kukishusha sm 3. Nyoosha miguu yote miwili kwa pamoja, rudi nyuma hatua mbili, ya tatu ya kusawazisha. Zaidi ya hapo unapoteza nguvu bure.

Visigino viachane kwa upana wa mabega. Ukisimama katikati ya uso wa saa, vidole vya mguu wa kushoto vielekee kwenye 11, vya kulia kwenye 1. Vuta pumzi hadi tumboni, si kifuani, kisha kaza tumbo pande zote kana kwamba mtu anataka kukupiga ngumi. Pumzi hiyo ndiyo inayoufanya uti wa mgongo usimame kama nguzo. Ishikilie mpaka umepita sehemu ngumu ya kupanda, uitoe juu. Mwenye presha ya kupanda aanze kwa daktari, kwa sababu kubana pumzi chini ya mzigo huipandisha zaidi.

Sasa shuka. Nyonga na magoti vikunjwe kwa wakati mmoja, magoti yafuate vidole. Kitu cha kuchunga ni kimoja: chuma kibaki juu ya katikati ya unyayo, pale kamba za kiatu zinapofungwa. Mwombe mwenzako akupige video kutoka ubavuni kwa simu. Chuma kikishuka kama timazi ya fundi, uko vizuri. Kikikimbilia mbele ya vidole, mgongo ndio unaolipa. Kipimo cha kina kwenye mashindano ya kunyanyua ni mkunjo wa nyonga kuwa chini ya usawa wa juu ya goti. Waliozoea kuchuchumaa chooni na mbele ya jiko la mkaa hufika hapo bila shida. Kinachowashinda ni kubaki wamekaza wakiwa huko chini.

Makosa matatu yanarudi kila siku. Kwanza, makalio yanatangulia kupanda na kifua kinabaki chini: mara nyingi uzito umezidi, au mtu amelegeza mgongo chini kabisa. Punguza kilo, na wakati wa kupanda sukuma mgongo dhidi ya chuma. Pili, magoti kuingia ndani. Yasukume nje kwa makusudi, na yakikataa hata kwa uzito mdogo, punguza na ushuke polepole, sekunde tatu. Tatu, visigino kunyanyuka. Kifundo kigumu ndiyo sababu ya kawaida, na kipande cha mbao cha sm 2 kilichotulia chini ya visigino kinasaidia. Vijiwe havifai.

Mkanda wa kunyanyulia? Hauulindi mgongo kwa uchawi. Unalipatia tumbo kitu cha kusukumia. Asiyejua kukaza tumbo anafungia hewa.

Na kutua. Vyuma vya kukinga viweke sm 3 hadi 5 chini ya pale chuma kinapofika ukiwa umeshuka kabisa, kisha jaribu kwa chuma kitupu: shuka, kiache kikae juu yake, utoke kwa mbele. Rudia mara tano hadi mwili uzoee. Wasaidizi wakiwepo, wawe wawili, mmoja kila ncha, mikono tayari chini ya sahani. Kubalianeni neno moja, mathalani "Beba!", wote wanyanyue pamoja, nawe usiache kusukuma. Akinyanyua mmoja peke yake chuma kinakupinda kiuno.

Kuongeza uzito kuwe kwa kilo 2.5 jumla, nazo ni baada ya kumaliza seti (mizunguko) tatu za mara tano bila mkao kuharibika. Kama uzito unaoulenga siku hiyo ni kilo 80, panda ngazi: chuma kitupu mara kumi, 40 mara tano, 60 mara tatu, 70 mara moja, ndipo 80. Maumivu ya misuli kesho yake ni ya kawaida. Maumivu makali kama kisu, ganzi inayoshuka mguuni, au mkojo kukataa kuzuilika, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Kurudisha: tembea mbele mpaka chuma kigonge nguzo zote mbili ndipo ukishushe, usichungulie kishikio kwa kupinda shingo. Kisha sahani zitolewe kwa zamu, moja huku, moja kule. Ukimaliza upande mmoja wote, chuma kinapinduka na ncha nyepesi inaruka kwenye kidevu cha aliyesimama karibu.