Nimesoma riwaya ya Buffy afu naambiwa si kanoni

SWALI: Habari za kazi. Mimi Buffy the Vampire Slayer, ile tamthilia ya TV ya msichana anayewinda vampaya, nimeimaliza sizoni zote 7, nikashindwa kuachana nao, nikatafuta riwaya nikapata Queen of the Slayers ya Nancy Holder inayoanzia pale Sunnydale, mji wa Buffy, ilipodidimia, siku mbili nimeimaliza. Sasa rafiki yangu ananiambia hiyo siyo kanoni, eti mambo yenyewe yako kwenye komiki. Ina maana nilichosoma hakipo? Nimeumia kweli.

JIBU: Pole sana, rafiki yako hajakudanganya ila kakupa nusu ya habari. Kanoni ni yale mambo ambayo mwandishi atakayefuata anabanwa nayo, basi. Buffy iliisha Mei 2003, Angel, tamthilia dada yake inayomhusu vampaya Angel, ikaisha 2004, na kitabu chako kikatoka 2005, yaani kwenye TV hakuna aliyekuwa anaendeleza chochote, kwa hiyo Holder alikuwa na uhuru ambao riwaya za nyuma hazikuwa nao. Zile zilizotoka tamthilia bado inarushwa, mwandishi alikuwa kama mtu aliyeazimwa nyumba, hawezi kumuua Willow wala kumuoza Xander, marafiki wa Buffy, akimaliza kila kiti kirudi kilipokuwa maana wiki ijayo episodi mpya inakuja na haitajua kama yeye alipita pale.

Sasa 2007 Dark Horse, wachapishaji wa komiki, wakaanza kutoa komiki ya Season Eight, msimamizi Joss Whedon mwenyewe aliyemuumba Buffy, ikaenda matoleo 40 mpaka 2011. Hapo ndo riwaya yako ikasukumwa pembeni. Toleo la kwanza tu Buffy yuko Uskoti kwenye kasri na kikosi chake, na yule Buffy tuliyeambiwa kwenye tamthilia ya Angel kwamba yuko Roma anatoka na jamaa anayeitwa the Immortal kumbe ni Buffy wa bandia, kawekwa kuwapoteza maboya maadui. Rudia ile episodi ya Roma uone, tunachoonyeshwa ni nywele za dhahabu kwa nyuma, mtu anacheza muziki kwenye umati, uso hakuna! Mimi niliposoma lile toleo nilirudi kuiangalia usiku uleule.

Ila usichukulie kwamba komiki zote ni kanoni na vitabu vyote sivyo. Dark Horse walikuwa wanatoa komiki za Buffy tangu 1998 na nyingi ziko kundi moja na riwaya yako. Afu kuna Fray, ya Whedon, ilianza 2001, inahusu mwindaji wa vampaya wa miaka mingi ijayo, humo ndo lile shoka jekundu lenye ncha ya mti mwisho wa mpini lilipoonekana mara ya kwanza, na 2003 Buffy akalichomoa kwenye jiwe mwishoni mwa sizoni ya 7. Komiki ilitangulia, TV ikafuata.

Na hata TV yenyewe inajipinga. Sizoni ya 2 vampaya Spike anasema Angel ndiye aliyemfanya vampaya, tukifika sizoni ya 5 tunaonyeshwa ni Drusilla, vampaya mwingine, aliyemng'ata. Zote mbili kanoni. Kwa hiyo Queen of the Slayers ibaki kwenye rafu yako, isome kama njia ambayo Buffy angeweza kuipita baada ya Sunnydale, na Season Eight nayo itafute, usiache kwa hasira.

SWALI: Je, filamu ya Buffy ya 1992, iliyotangulia tamthilia, nayo ihesabiwe kanoni?

JIBU: Hapana, anza na episodi ya kwanza ya 1997. Mkuu wa shule, Flutie, anachana faili la Buffy kumwonyesha kwamba hapa anaanza upya, jicho linamtua kwenye sehemu ya jimu ya shule yake ya zamani kuchomwa moto, anaanza kuviunganisha vile vipande. Kwenye filamu jimu haikuchomwa. Huo moto ukitaka kuuona uko kwenye The Origin, komiki ya 1999 iliyotengenezwa kutoka skripti ya Whedon kabla haijabadilishwa na watu wa sinema.