Zana unayomtengenezea mtu usiyemjua

Tindo, yaani patasi za kukatia chuma kwa kugongwa nyundo, kumi za kwanza nilizotengeneza kwa ajili ya kubadilishana zilikuwa nzuri sana kwa macho. Nilizipiga msasa mpaka ukawa unajiona ndani yake, nikazifunga moja moja, nikazituma. Wiki chache baadaye nikapokea picha kutoka kwa mmoja wa waliozipata: makali yamemeguka kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Pigo la tatu tu. Ujumbe wake ulikuwa wa upole mno: "Huenda nimeitumia vibaya." Hakuitumia vibaya hata kidogo. Mimi ndiye niliyeiacha ngumu kupita kiasi, na sababu naijua: sikutaka rangi za joto ziniharibie mng'aro.

Kwa ambaye hajawahi kushiriki kubadilishana zana, mambo huenda hivi. Watu kumi wanaofua au kukereza chuma kwa mapenzi yao tu wanakubaliana. Kila mmoja anachagua zana moja na kutengeneza kumi zinazofanana. Zote zinakwenda kwa mratibu, naye anazigawa upya, kila mtu arudishiwe furushi lenye zana kumi tofauti, ikiwemo moja yake mwenyewe. Wapo wanaopendelea kubadilishana wawili wawili. Ni rahisi, ila manung'uniko huanzia hapo, maana watu wawili hawakawii kuanza kupimana: yangu imenichukua siku tano, yako umeimaliza jioni moja. Kundini hesabu hizo hazina pa kushika.

Ushauri wangu wa kwanza: tengeneza kitu ambacho wewe mwenyewe hukikosi mkononi kila wiki. Kila mara nilipochagua zana kwa sababu ni ya kuvutia, nimejuta. Zana niliyoipokea na ninayoitumia kuliko zote ni skraiba, kile kichuma chenye ncha cha kuchorea mistari kwenye bati, isiyo na urembo wowote. Aliyeitengeneza aliisaga pande mbili za mwili wake zikawa bapa, basi. Ukiiweka mezani haibiringiki. Kwa hilo tu unajua ni mtu aliyewahi kupiga magoti kutafuta skraiba chini ya meza.

Pia fikiria uzito. Tindo moja ya gramu 300 ni nyepesi. Kumi ni kilo 3, na mratibu akishakusanya za watu kumi ana kilo 30 sakafuni kwake. Halafu tengeneza kumi na mbili, usitengeneze kumi. Mbili zitaharibika, na mara nyingi zitakuwa za mwisho, ukiwa umechoka na tarehe imekaribia.

Sasa tuje kwenye matiko, yaani kukipa chuma ugumu kwa kukipasha moto na kukizimisha ghafla, maana zana nyingi za kubadilishana huharibikia hapa. Kwanza ujue chuma chako ni cha aina gani. Nondo za ujenzi nyingi zina kaboni kidogo. Utaipasha, utaizimisha, utahangaika, na itabaki laini vilevile. Springi za gari ni bora zaidi, na tupa kuukuu zina kaboni nyingi. Ila tupa ina mtego wake. Watu hupenda kuacha meno yake yaonekane kwenye kifaa kipya, kama alama ya asili yake. Yanapendeza, nakubali. Lakini kila mfereji wa jino ni mahali pa ufa kuanzia. Kwenye zana ya kugongwa, yasage yote yaishe.

Njia ya kuhakiki ni rahisi. Kata kipande kidogo cha chuma hicho, kipashe mpaka sumaku iache kukikamata (ni karibu nyuzi 770 za Selsiasi), ongeza joto kidogo tu, kizimishe kwenye mafuta. Kisha kipitishie tupa nzuri. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekubali ugumu. Tupa ikiuma, tafuta chuma kingine kabla hujatengeneza kumi na mbili za bure.

Chuma kilichotoka kwenye mafuta kigumu hivyo hakifai kazi bado. Ni lazima ukirudishie joto la polepole ili kipunguze ukali wa ugumu wake, na rangi ndizo zitakazokuongoza. Safisha uso wake ung'ae, pasha kutokea upande wa kichwa, utazame rangi zikitembea kuelekea makali: kwanza ya majani makavu, kisha kahawia, zambarau, halafu bluu. Skraiba isimamishe kwenye majani makavu, karibu nyuzi 220 au 230. Tindo iache ifike zambarau inayoingia bluu, kati ya nyuzi 280 na 300. Mimi zile zangu nilizizuia kwenye majani makavu. Ndiyo maana makali yakameguka.

Na kichwa cha tindo kisiguswe na matiko kabisa. Kibaki laini. Kichwa kigumu kikikutana na uso mgumu wa nyundo, kibanzi huruka, na hakichagui jicho la nani. Kichwa laini kitachanua kingo zake taratibu kwa kugongwa, na mwenye tindo atazisaga.

Hapa ndipo karatasi inapoingia. Zana yako inakwenda mahali ambapo hutakuwepo kueleza. Mpokeaji akiinoa kwenye grainda mpaka makali yageuke bluu, matiko yamekwisha pale, na hataelewa kwa nini tindo imelegea. Kwa hiyo mimi sasa naweka kijikaratasi kwa kila zana: chuma kimetoka kwenye kitu gani, kilizimishwa kwenye nini, kilirudishwa hadi rangi gani, sehemu gani ni ngumu na ipi laini, na inolewe vipi. Mistari mitano. Nimewahi kupokea kisu cha kukwangulia chuma kilichotengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu, bila neno lolote. Kipo kwenye droo mpaka leo, naogopa kukinoa.

Zana za kupimia zina adabu yake. Ukiamua kutengeneza guni, kile kipimo cha pembe mraba, usimtumie mtu guni ambayo hujaihakiki kwa kuigeuza. Chukua bati lenye ukingo ulionyooka, egemeza guni, chora mstari mwembamba. Igeuze upande wa pili, ilete mahali palepale, chora tena. Mistari ikilala mmoja juu ya mwingine, umepata. Ikiachana, ule mwanya unaouona ni kosa maradufu, yaani guni yenyewe imekosea nusu yake. Kosa likiwepo usiliache kwa matumaini kwamba hakuna atakayepima. Tumejaa watu wa kupima.

Kufunga mizigo sina mengi ya kusema isipokuwa kutu. Jasho la vidole lina chumvi. Niliwahi kufungua furushi nikakuta alama kamili ya dole gumba la mtumaji kwenye ubapa wa zana, mistari yote, imechorwa kwa kutu. Futa kwa mafuta, vaa glavu, zungushia karatasi iliyopakwa mafuta, ndipo ifuate plastiki. Usiifungie kwenye ala ya ngozi kwa safari ndefu. Ngozi huhifadhi unyevu. Ncha zote zivike kizibo, la sivyo zitatoboa boksi na kumchoma asiyehusika.

Ukipokea, itumie. Usiitundike ukutani. Na ikiwa na kasoro, mwambie aliyeitengeneza, faraghani, ukimwonyesha picha, na umweleze ulikuwa unakata nini. Najua inaonekana kama kukosa shukrani. Lakini wale wengine wanane waliopata tindo zangu walinyamaza, na niliporudi kuwauliza, wanne walikuwa nazo zimemeguka.

Niliwaomba radhi wote, nikapasha upya tindo mbili za akiba nilizokuwa nimebaki nazo mpaka zikafika zambarau, nikamtumia moja yule wa kwanza kuniandikia. Alinijibu kwa picha ya tindo zote mbili. Mpya ilikuwa imekata bamba la milimita 3 na makali yako vilevile. Ile mbovu ameisaga ncha ikawa bapa; anafungulia makopo ya rangi.