Nalipia yule anayetembea nyuma

Swali lenu la wiki hii nimelisoma nikiwa kwenye daladala, "Mlima upo pale pale na hauna mwenyewe, kwa nini ulipe hela kwenda kuupanda na kundi?" nikaona hapana, hili nalijibu kirefu maana hiyo hela mi nimeshailipa mara kumi na moja na sijawahi kuijutia hata mara moja.

Kwanza hiyo ya mlima kutokuwa na mwenyewe si kweli. Mi nazungumzia Uluguru, pale Morogoro. Msitu wa juu ni hifadhi ya mazingira asilia, upo chini ya TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na unaingia kwa kibali, na kabla hujaufikia huo msitu unapita katikati ya mashamba ya Waluguru, yaani njia yenyewe inapita pembeni ya migomba ya mtu, maharage ya mtu, saa nyingine kwenye uwanja wa nyumba ya mtu kabisa. Ukienda na klabu ya kutembea milimani, mwongozaji ni mtoto wa pale pale, anasalimia nyumba kwa nyumba, anajua leo njia ya juu imeporomoka tupite ya chini. Ukienda mwenyewe we ni mgeni tu unayekanyaga matuta ya watu.

Nayasema haya kwa sababu nilianza kwa kwenda mwenyewe. 2022, mimi, wifi yangu na kijana wa dada yangu ana miaka 19, tukaamua twende Morningside, ile nyumba ya zamani iliyojengwa na Wajerumani huko juu, halafu tukifika tukijisikia vizuri tusogee mpaka kilele cha Bondwa kwenye minara ya mawasiliano. Tukafika Morningside salama, tukapiga picha, tukala mihogo yetu, kijana akasema natangulia kidogo. Ukungu wa Uluguru kama hujauona siwezi kukueleza ukaelewa, hauji taratibu, unageuka kumuangalia mwenzako unakuta kuna kitu cheupe tu na sauti. Tukamwita hajibu. Simu yake imeisha chaji. Tukafika mahali njia imegawanyika, hatujui kachukua ipi, tukasimama pale pale tunaita jina lake mpaka sauti ya wifi ikakauka. Tulikuja kumpata baada ya kama saa mbili, huko chini kabisa, nyumbani kwa mama mmoja mkulima, kakaa jikoni anaota moto, nguo zimelowa, kapewa uji. Yule mama hakutaka hata shilingi. Nilirudi Dar sijamwambia dada yangu kilichotokea, nimemwambia mwaka jana tu.

Baada ya hapo nikasema milima basi. Kilichonirudisha ni mwenzangu wa kazini, yeye alikuwa kwenye klabu moja ndogo ya hapa mjini inayotembea mara moja kwa mwezi, akanishika mkono twende Pugu kwanza, pale Kisarawe, msitu wa Pugu Kazimzumbwi, karibu na mjini na hakuna vilima vya kuua mtu. Nikaenda. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kiongozi kutuhesabu. Tulikuwa 24. Akahesabu kabla hatujaanza, akahesabu kwenye kila njia panda, akahesabu tulipokula, akahesabu tulipopanda gari. Mi nilisimama pale nikakumbuka wifi anavyoita kwenye ukungu, machozi yakanilenga, na hakuna aliyejua kwa nini.

Sasa nije kwa huyu anayetembea nyuma. Kila safari kuna mwongozaji wa mbele, huyo anashika njia, na kuna wa kufunga msafara, kazi yake ni moja tu, hakuna mtu anakuwa nyuma yake. Safari yangu ya kwanza ya Uluguru na klabu, mwaka juzi mwezi wa saba, aliyefunga msafara alikuwa mzee wa pale Moro, makamo ya baba yangu mdogo, kavaa buti za mvua na panga kiunoni. Na mi ndo nilikuwa wa mwisho, kutoka dakika ya kumi mpaka jioni, nina miaka 43 na goti la kulia lina historia yake. Nikamwambia shikamoo baba, naona nitakuchelewesha. Akasema marahaba mama, mimi ndo mwisho, siwezi kuchelewa. Basi, hakuongea tena. Nikisimama na yeye anasimama, hanikodolei macho, anaangalia zake miti. Mbele kidogo akaokota tawi lililokauka, akalichonga kwa panga taratibu, akakwangua magome pale pa kushika mpaka pakawa laini kabisa kama mwiko, akanipa. Fimbo hiyo ipo nyuma ya mlango wangu mpaka leo.

Kushuka ndo kulinipa shida zaidi, na hapa wengi mtanielewa, kupanda ni pumzi lakini kushuka ni magoti, na udongo wa kule ukilowa unateleza kama bamia. Akanifundisha kushuka kiubavu, hatua fupi, mguu unaukanyagisha kwenye mzizi, si kwenye tope, na usidake mti kabla hujauangalia maana kuna siafu na kuna upupu. Mambo madogo haya lakini nani angeniambia?

Siku ileile ndo tulipogeuka kabla ya kilele. Asubuhi kiongozi alishasema saa nane kamili mchana popote tulipo tunageuka, kwa sababu jua linazama saa kumi na mbili na kitu lakini ndani ya msitu giza linaingia mapema kuliko nje. Saa nane ikagonga minara ya Bondwa tunaiona, vijana wakalalamika sana, kaka mmoja akasema nimelipia kilele. Kiongozi hakupandisha sauti, akamwambia umelipia kurudi. Nakiri hata mimi roho iliuma. Tulifika chini saa kumi na moja na nusu, mvua ikaanza tukiwa tumeshakaa kwenye gari tunakula ndizi, nikaangalia kule juu hakuonekani kitu, nikanyamaza.

Kuna jingine sikulitegemea. Tulivuka kijito, maji ya baridi mpaka meno yanauma, mzee akasema haya yanashuka Mto Morogoro, yanaenda Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu ndo mnayokunywa nyinyi watu wa Dar. Nimeishi Dar miaka yangu yote, nimelalamikia mgao wa maji kila kiangazi, na sikuwahi kujua bomba langu linaanzia wapi. Tangu siku ile nikiona mtu anatupa chupa ya plastiki njiani naokota, na nikimuona mama wa Kiluguru anateremka sokoni na tenga la mboga kichwani nampisha njia mimi, si yeye anipishe mimi.

Sisemi klabu zote ni nzuri. Niliwahi kualikwa kwenye kundi moja, watu zaidi ya sitini, spika ya muziki ndani ya msitu, wenye nguvu wanakimbia mbele, wa nyuma wanajijua wenyewe, hakuna hata aliyeuliza nani ana pumu au presha. Hiyo kweli ni kupoteza hela, na ni hatari. Kabla hujalipa uliza nani anafunga msafara. Uliza wanageuka saa ngapi. Uliza kibali kipo na kama mwongozaji ni wa pale pale na analipwa vizuri. Wakikujibu kwa kubabaika tafuta wengine.

Kuhusu gharama, safari yangu ya mwisho Moro ilinitoka elfu 65, humo kuna usafiri, kibali, mwongozaji na chakula. Siku hizi wengine wanakuja na treni ya SGR, tangu ianze 2024 wanaondoka Dar alfajiri wanatukuta kule, haichoshi kama basi. Viatu nilinunua mtumba Karume, vina meno mazuri mpaka leo. Beba maji lita mbili, koti la mvua hata kama jua linawaka, viazi vya kuchemsha na chumvi kidogo.

Na kijana wa dada yangu anataka kuja. Ana miaka 22 sasa, amenipigia juzi kuuliza safari ijayo lini, nikamwambia njoo, ila mwezi huo unatembea na mimi nyuma. Akakubali. Dada yangu ndo ameshamlipia.