Kwa nini sikuja kumzika Mwalimu

Kapteni, umeniuliza mbele ya darasa zima la 2004, nami nitajibu mbele ya darasa zima. Umesema: "Mwalimu alitulea sote. Aliye Mombasa amekuja, aliye Lodwar amesafiri usiku kucha. Wewe wa Marekani umetuma elfu ishirini na tano na pole ya maandishi. Huko kuna nini hasa kinachokushika?" Swali ni la haki. Miaka yote hii nimewajibu kwa picha za barabara pana na gari langu, na ninyi mmeamini mlichoonyeshwa.

Nianze na pesa, maana najua ndizo zilizosemwa sana pale matangani. Nalipwa dola 18 kwa saa. Ukizidisha kwa shilingi 129 za dola moja unaona utajiri, na hata mimi nilizidisha hivyo kabla ya kupanda ndege. Lakini nazipata Texas na kuzitumia Texas. Baada ya kodi ya serikali na bima ya afya, mwezi huniachia kama dola 2,200. Chumba ni 750. Gari pamoja na bima yake ni 540, na msidhani gari ni fahari: ninapoishi hapapiti matatu wala boda, na kazini ni maili 17. Kuna chakula, kuna dawa za mama, kuna karo ya wapwa wawili. Zile elfu ishirini na tano nilizichomoa kwenye pesa za chumba, na ningezichomoa tena leo.

Hata hivyo, si pesa iliyonizuia. Nauli ningekopa. Ni makaratasi. Ombi langu la ukaazi bado halijaamuliwa. Nina ruhusa ya kufanya kazi, lakini nikitoka nchini kabla ya kupewa kibali cha kusafiri, itahesabiwa kwamba ombi nimeliacha, na miaka yote niliyongoja imekwenda. Kibali nimeomba, hakijafika. Hili sijapata kumwambia yeyote kati yenu. Mlipokuwa mkiniuliza nakuja lini, nikisema "kazi imebana", nilikuwa naona haya kusema kwamba mtu anaweza kukaa katika nchi kubwa hivi na asiweze kutoka.

Basi nikasema, kama siwezi kuja, angalau niombe ruhusa ya usiku mmoja kazini, nikae chumbani nitazame maziko kwenye simu. Msimamizi akaniuliza: ni baba yako? Hapana. Mjomba? Hapana. Ni mwalimu wangu wa shule ya upili. Akanyamaza, kisha akaniambia kwa upole kabisa kwamba siku za kufiwa ni za jamaa wa karibu. Sheria ya kazi ya taifa hili haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu hata siku moja ya mazishi. Kila mwajiri ana utaratibu wake. Nami sikuwa na neno la kumweleza Mwalimu alikuwa nani wangu.

Ninyi mnalo. Mnakumbuka kwenye timu yetu ya mpira, aliyoifundisha yeye, sikuwa mchezaji wa kutegemewa. Siku ya kwanza nilipoachwa benchi, Mwalimu alinitupia daftari la mistari na kalamu akasema, "Miguu yako leo imepumzika, mkono usipumzike. Andika mechi." Kwa Kiswahili, na si kile cha kubabaisha. Yeye alianza kufundisha mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia, 1985, Kiswahili kilipofanywa somo la lazima hadi kwenye mtihani, na hakukubali kiwe somo la darasani tu. Alisahihisha ripoti zangu palepale kando ya mstari, firimbi mdomoni, wino mwekundu mkononi, huku akiwapigia kelele mabeki. Mwezi wa pili mwaka 2004, Harambee Stars walipoicharaza Burkina Faso 3-0 kule Tunisia, alikuja na redio yake na kuniambia niandike kama niliyekuwa uwanjani. Wafungaji: Ake, Oliech, Baraza. Niliandika kurasa nne. Alinirudishia akiwa amekata neno "sana" mara kumi na moja.

Mahali pa kuwaeleza zaidi ni hapa, kwa sababu wengi wenu hamjui. Kidato cha pili nilipofukuzwa karo, nilikaa nyumbani wiki tatu nikipalilia mahindi. Jioni moja Mwalimu akatokea kwenye kijia akiisukuma baiskeli kwa sababu ya matope. Hakutoa hotuba. Alikunywa chai, akamuuliza mama kama mvua ya mawe iliharibu chochote, kisha akasema, "Mama, nimekuja kumchukua mwandishi wangu." Nilirudi shuleni nyuma ya baiskeli ile, sanduku mapajani. Bursa, mtunza fedha wa shule, hakuniuliza kitu siku hiyo wala siku yoyote. Mwaka mmoja baada ya mtihani ndipo nilipojua kwamba karo ile ilikuwa ikitoka kwenye mshahara wake, kidogo kidogo kila mwezi, mpaka nikamaliza. Naye alikuwa na watoto watano. Nilipomwendea kumshukuru aliniuliza kama bado naandika.

Na ile siku ya uwanja wa Bukhungu, Kakamega. Tumefungwa dakika ya mwisho, fainali ya mkoa, tumo ndani ya basi na hakuna anayepumua. Tulipofika Ilesi, palipo na lile jiwe linalotiririka maji kama machozi, Mwalimu akasimama. "Hata jiwe linalia. Lieni basi. Mnayo ruhusa mpaka Khayega. Tukifika Khayega tunakula mahindi ya kuchoma na atakayekuwa bado analia atanikabidhi njumu." Kapteni, wewe ulilia kuliko sote. Na mahindi ulikula mawili.

Sasa nieleze kazi yenyewe, kwa kuwa nasikia kuna wanaosema naosha wazee. Ni kweli. Naosha wazee. Nawageuza kitandani wasipate vidonda, nawalisha, nawabadilisha nguo, saa kumi na mbili kila zamu, usiku. Ni kazi ya heshima na sitaki kuificha tena. Mmoja wa wazee hao alikuwa kocha wa shule ya upili. Huku pia kocha wa shule huwa ni mwalimu, ana somo lake darasani. Nilijua Jumapili ya kwanza, walipokuja wanaume wanne wenye mvi, mmoja akiwa na fimbo ya kutembelea, na wote wakamwita Kocha, hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina.

Huku mpira wa shule, ule wao wa Kimarekani, wanauthamini kwa namna ambayo ingemfanya Mwalimu akae chini. Hapa Allen, kaskazini ya Dallas, shule moja ya upili ilifunguliwa uwanja mwaka 2012, viti 18,000, kwa takriban dola milioni 60. Mwalimu alikuwa na mipira miwili, mmoja wa mazoezi na mmoja wa mechi, na ule wa mechi alilala nao nyumbani kwake. Lakini wale wanaume wanne hawakuzungumzia viti. Walizungumzia siku Kocha alipompeleka mmoja wao kwa daktari wa meno kwa gari lake.

Hapo ndipo pananiuma, Kapteni. Miezi minane Mwalimu alipokuwa mgonjwa, wewe ndiye uliyempeleka kliniki Kisumu kila Ijumaa. Mama Mwalimu ndiye aliyemwogesha. Mimi ninayeijua kazi hiyo kwa mikono yangu, ninayejua maji yawe ya moto kiasi gani na mtu ashikwe wapi asiumie, nilikuwa namwogesha kocha wa watu wengine, kwa malipo. Sina la kujitetea. Nilimpigia Mwalimu mara tatu katika miezi hiyo. Mara ya mwisho sauti yake ilikuwa imeisha, na bado alinirekebisha niliposema "ile gari".

Jumamosi ya maziko sala ilianza saa nne asubuhi kwenu, huku ni saa nane ya usiku. Nilikuwa zamuni. Mpwa wangu aliishika simu juu ya vichwa vya watu, nami nikaiegemeza kwenye kisanduku cha glavu. Nikaliona hema, nikaiona jezi ya buluu na nyeupe ya Ingwe, yaani AFC Leopards, juu ya jeneza, timu aliyoishabikia tangu utotoni, ikiitwa Abaluhya. Ngoma ya isukuti ilipoanza, mtandao ukakatika. Uliporudi, mlikuwa mmeanza kutupa udongo. Kengele ya chumba cha Kocha ikalia, nikaenda. Aliyaona macho yangu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia. Yeye hakuuliza kama ni jamaa yangu. Aliuliza, "Alikuchezesha namba gani?" Nikamwambia nilikuwa mwandishi wa timu. Akatikisa kichwa kukubali, akaushika mkono wangu, na tulikaa hivyo mpaka kengele nyingine ikalia.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo, na ukiona halitoshi niambie, nitapokea. Makaratasi yakitoka nitakuja, nitaanzia kwa Mama Mwalimu kabla ya kwetu. Kabla ya hapo nina ombi moja. Lile daftari la mechi lilikuwa kwenye kabati la mipira, jalada la kijani, kamba ya kiatu badala ya pini. Mama Mwalimu huenda analo. Ukilipata, nipigie picha ya ukurasa wa Bukhungu. Ripoti ile niliiandika usiku, nikamwachia asubuhi, na sikuwahi kusoma alichoandika chini yake kwa wino mwekundu.