Kwa aliyeuliza kama BBC ni ya mrengo wa kushoto au wa kulia

Ndugu mleta mada, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kama BBC inaegemea mrengo wa kushoto, kama wanavyodai wafuasi wengi wa Conservative, chama cha mrengo wa kulia, au ni sauti ya serikali, kama wanavyodai wengi wa mrengo wa kushoto wa chama cha Labour. Pili, ni chombo gani cha habari cha Uingereza ambacho kijana wako anayekwenda kusoma huko anaweza kukifuata bila kulishwa propaganda. Wachangiaji waliotangulia wametaja majina ya vyombo na kuvipanga kushoto na kulia. Mimi nitaeleza jinsi habari inavyosafiri kutoka meza moja hadi nyingine, kwa sababu kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya usiku hapa London katika kampuni inayofuatilia vyombo vya habari kwa niaba ya wateja, na kazi hiyo ilinionyesha kwamba sehemu kubwa ya upendeleo iko mahali ambapo wengi wetu hatuutafuti.

Kuanzia saa nne usiku kurasa za mbele za magazeti ya kesho yake huanza kutoka. Tulizipokea kwenye kompyuta moja baada ya nyingine, tukazisoma, tukaandika muhtasari uliopaswa kuwafikia wateja kabla hawajatoka nyumbani asubuhi. Ukisoma magazeti tisa au kumi kwa mkao mmoja, yote yakizungumzia siku ile ile, unaona jambo ambalo msomaji wa gazeti moja hawezi kuliona. Chukua siku zile ambazo idara ya takwimu ilikuwa ikitoa idadi ya wahamiaji. Takwimu ni zile zile kwa wote. Daily Mail na Daily Express huweka idadi ya walioingia kwa herufi zinazojaza nusu ya ukurasa. The Guardian huanza na wauguzi na watunza wazee ambao hospitali haziwezi kwenda bila wao. Financial Times hutazama vyuo vikuu na soko la ajira, na Daily Mirror huenda likaipeleka habari hiyo kurasa za ndani kabisa, kwa kuwa ukurasa wa mbele umekwisha kuchukuliwa na bili za umeme na gesi. Hakuna aliyesema uongo, na hata ukizipitia sentensi zao moja moja huenda usipate hata moja ya kumtia mtu hatiani. Upendeleo ulikwisha kufanyika kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, pale mhariri alipoamua habari ipi ni kubwa na ipi ni ndogo.

Ni lazima pia kijana wako ajue kwamba nchini Uingereza zipo kanuni mbili tofauti kabisa, na kuzichanganya ndiko kunakozaa mabishano mengi. Redio na televisheni ziko chini ya Ofcom, mamlaka ya kudhibiti mawasiliano, ambayo kwa kazi hii inafanana na TCRA kwa Tanzania au CA kwa Kenya, na Sheria ya Mawasiliano ya 2003 inazitaka habari zao zisiegemee upande wowote. Magazeti hayana sharti hilo. Kanuni zao za maadili zinawataka waandike mambo yaliyo sahihi na watenganishe maoni na taarifa, lakini zinawaruhusu waziwazi kuwa na chama wanachokiunga mkono. Kwa hiyo mtu anapolalamika kwamba Daily Telegraph linawapendelea Conservative au kwamba Daily Mirror limekuwa upande wa Labour tangu uchaguzi wa 1945, analalamikia jambo ambalo mhariri mwenyewe halifichi.

Gazeti la The Sun ni mfano unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa kuwa linaonyesha kwamba kuegemea upande si lazima kuwe na itikadi. Baada ya uchaguzi wa 1992 lilijisifu katika ukurasa wa mbele kwamba lenyewe ndilo lililowapa Conservative ushindi. Miaka 20 baadaye mmiliki wake, Rupert Murdoch, aliuambia uchunguzi wa Jaji Leveson kuhusu mienendo ya magazeti ya Uingereza kwamba kichwa kile kilikuwa kosa. Mwaka 1997 lilihamia kwa Tony Blair wa Labour, mwaka 2009 likarudi kwa David Cameron wa Conservative, na mwaka 2024, siku moja kabla ya kupiga kura, likaunga mkono Labour. Kila mara lilihamia kwa upande ambao kura za maoni zilikuwa zimeshauonyesha kuwa unaongoza. Nashindwa kuita hiyo nguvu ya kuamua uchaguzi. Naiona zaidi kuwa njia ya kuhakikisha kwamba mlango wa Waziri Mkuu ajaye utakuwa wazi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naona linakosekana katika mjadala huu. Kanuni hizi mbili zimeandikwa kana kwamba magazeti na televisheni zinaishi katika nchi mbili, lakini zinakaa nyumba moja. Usiku ule ule ambao sisi tulikuwa tukiandika muhtasari, vituo vya televisheni vilikuwa hewani vikionyesha kurasa za mbele na kuwaalika wachambuzi wazizungumzie. Watayarishaji wa vipindi vya asubuhi walikuwa wakizisoma pia. Ikifika saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika kipindi cha Today cha BBC Radio 4, ambapo kwa kawaida ndipo huwekwa mahojiano makubwa ya siku, waziri huulizwa kuhusu jambo lililokuwa katika gazeti. Mara nyingi niliyasikia maneno ya kichwa cha habari nilichokifupisha usiku yakirudi ndani ya swali la mtangazaji, wakati mwingine bila hata kubadilishwa mpangilio. Mtangazaji alikuwa mtu wa haki: alimuuliza waziri kwa ukali, kisha akamuuliza msemaji wa upinzani kwa ukali ule ule, na kama ungepima dakika ungekuta zinalingana. Lakini mada yenyewe ilikuwa imechaguliwa na mhariri ambaye sheria inamruhusu kupendelea. Na kwa kuwa magazeti mengi yanayosomwa sana kitaifa yanamilikiwa na kampuni chache, na mengi kati yake ni ya mrengo wa kulia, BBC inaweza kutimiza kila kanuni ya usawa na bado ikawa inajadili orodha ya mambo iliyopangwa na wengine.

Tazama yaliyotokea Novemba 2025. Mkurugenzi Mkuu wa BBC, Tim Davie, na mkuu wa habari, Deborah Turness, walijiuzulu baada ya kubainika kwamba kipindi cha Panorama kiliunganisha vipande viwili vya hotuba ya Donald Trump ya tarehe 6 Januari 2021, siku wafuasi wake walipovamia Bunge la Marekani, vilivyosemwa kwa kupishana takribani saa nzima, kana kwamba ni maneno yaliyofuatana. Kosa lilikuwa la kweli na zito. Mhariri yeyote anajua kwamba kuunganisha hivyo bila kumwonyesha mtazamaji mahali palipokatwa ni kumpotosha. Hata hivyo, jambo hilo lilifika kwa umma kwa njia ya waraka wa ndani uliochapishwa na Daily Telegraph, siku baada ya siku, hadi likawa habari kuu katika vituo vyote, BBC yenyewe ikiwemo. Katika mwaka huo huo wapo wafanyakazi wa BBC waliolalamika hadharani kwamba shirika lao lilikuwa likiipendelea Israel katika habari za Gaza. Malalamiko yao hayakupata ukurasa wa mbele wa gazeti kubwa kwa wiki nzima, na hakuna aliyejiuzulu kwa ajili yake.

Hapa ndipo nisipokubaliana na mchangiaji aliyesema kwamba, kwa kuwa kushoto na kulia wote wanailalamikia BBC, basi bila shaka iko katikati. Hoja hiyo husemwa sana, hata ndani ya BBC, na ni dhaifu. Kulalamikiwa na pande mbili kunaonyesha tu kwamba pande mbili hazikuridhika. Inawezekana umekosea mara mbili, kwa mambo mawili tofauti. Tena hoja hiyo hulea tabia mbaya ya kudhani kwamba ukimweka mtu mmoja wa upande huu na mwingine wa upande ule umemaliza kazi. Agosti 2017 kipindi cha Today kilimwalika Lord Lawson, waziri wa fedha wa zamani, azungumzie mabadiliko ya tabianchi, akadai kwamba wastani wa joto la dunia haukupanda katika miaka kumi iliyokuwa imepita. Dai hilo halikuwa kweli, na mtangazaji hakulipinga. Baadaye Ofcom iliamua kwamba kanuni ya usahihi ilikuwa imevunjwa, na mwaka 2018 BBC iliwaelekeza waandishi wake kwamba si lazima kila anayezungumzia mabadiliko ya tabianchi awekewe anayekana kwamba yapo.

Kura ya maoni ya 2016 kuhusu kutoka Umoja wa Ulaya iliumizwa zaidi na tabia hiyo. Kampeni ya kutoka iliandika kwenye basi kwamba Uingereza hutuma pauni milioni 350 kila wiki. Kiasi hicho kilihesabiwa bila kuondoa punguzo ambalo Uingereza ilikuwa nalo, fedha ambazo hazikuwa zikitumwa kabisa, na mamlaka ya takwimu ya Uingereza ilitamka kwamba dai hilo linapotosha. Lakini katika taarifa nyingi za habari tulizozifuatilia nyakati hizo, msikilizaji aliambiwa kwamba upande mmoja unasema ni milioni 350 na upande wa pili unakana. Hesabu ambayo ingeweza kufanywa kwa kalamu na karatasi iliwasilishwa kama mabishano ya wanasiasa. Huo nauita woga uliovaa kanzu ya haki, na kwa maoni yangu umewadhuru wananchi wa Uingereza kuliko upendeleo wa wazi wa Daily Mail, kwa sababu msomaji wa Daily Mail anajua anasoma nini.

Kuhusu madai kwamba BBC ni sauti ya serikali, ukweli uko katikati, na historia inasaidia kuuona. Katika mgomo mkuu wa Mei 1926, magazeti yakiwa karibu yote yamesimama, John Reith, mkuu wa BBC, aliizuia serikali isiichukue redio, lakini wakati huo huo kiongozi wa Labour, Ramsay MacDonald, alinyimwa nafasi ya kuzungumza. Kuanzia Oktoba 1988 hadi Septemba 1994 serikali ilipiga marufuku sauti za viongozi wa Sinn Féin, chama kinachotaka Ireland Kaskazini iungane na Ireland, na makundi kadhaa ya Ireland Kaskazini zisisikike hewani. Vituo vilitii, vikawaajiri waigizaji wasome maneno yale yale juu ya picha. Hata leo serikali ndiyo inayoamua kiwango cha ada ya leseni ya televisheni, ina kauli katika uteuzi wa mwenyekiti, na hati ya kifalme inayoipa BBC uhai inakwisha mwishoni mwa 2027. Sisi wenyewe tunalijua hilo kwa karibu: Idhaa ya Kiswahili ilianza Juni 1957, wakati Tanganyika, Kenya na Zanzibar bado zikiwa chini ya Waingereza, na hadi 2014 fedha za Idhaa ya Dunia ya BBC (World Service) zilitoka Wizara ya Mambo ya Nje. Wazee wetu walioisikiliza hawakuwa wajinga. Wengi walilinganisha walichosikia London na walichosikia redio nyingine.

GB News, iliyoanza 2021, ni jaribio la kuleta tabia ya magazeti katika televisheni, na Ofcom iliitoza faini ya pauni 100,000 mwaka 2024 kwa kipindi kilichomweka Rishi Sunak, Waziri Mkuu wa wakati huo, mbele ya hadhira bila mitazamo mingine ya kutosha.

Kwa kijana wako, basi, sitamtajia chombo kimoja. Achague siku moja katika wiki na asome habari ile ile katika Daily Telegraph na The Guardian, akiangalia habari imewekwa ukurasa gani, nani amenukuliwa kwanza, na nani amenukuliwa mwishoni kabisa. Ikiwa jambo lina takwimu, Maktaba ya Bunge la Makabwela hutoa maelezo ya bure mtandaoni, yaliyoandikwa kwa ajili ya wabunge wa vyama vyote, na huwa yanaeleza takwimu hiyo ilivyopatikana. Asome pia masahihisho ya magazeti, ambayo mara nyingi huwekwa kwa maandishi madogo ukurasa wa pili, hata kama kosa lenyewe lilikuwa ukurasa wa mbele. Maamuzi ya Ofcom nayo yako wazi kwenye tovuti yao, pamoja na maneno yaliyotangazwa na sababu za kila uamuzi, hivyo anaweza kuupima mwenyewe.